Mkondo wa bahari: mfundishe mtoto kuelea kabla ya safari ya Mombasa

Na Daktari Wetu

SHULE zinapofungwa, hasa mwezi wa Agosti na Desemba, familia nyingi za Nairobi hufunga safari ya kwenda Pwani. Baadhi huabiri mabasi ya usiku katika River Road, na tangu mwaka wa 2017 wengine wengi hupanda gari la moshi la Madaraka Express katika kituo cha Syokimau. Mizigo hufungwa, mavazi ya kuogelea hununuliwa, na watoto hukosa usingizi kwa furaha ya kwenda kuiona bahari.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa katika matayarisho hayo, nalo ni somo kuhusu bahari yenyewe.

Mzazi anayeishi Kangemi, Lavington, Kawangware au Westlands humwonya mtoto wake kila siku kuhusu matatu na pikipiki. Mtoto hujifunza kutazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara. Lakini bahari iko umbali wa kilomita 480 hivi kutoka hapa, na watoto wengi wa jijini huiona mara moja kwa mwaka au hata mara moja utotoni. Hatari wasiyoizoea hawawezi kuitambua.

Makala haya yanaeleza hatari moja kubwa ya bahari, yaani mkondo unaomvuta mtu kutoka ufuoni hadi kwenye kilindi, na jinsi ya kumwelezea mtoto hatari hiyo kwa lugha anayoielewa.

Bwawa si bahari

Wazazi wengi huniambia, "Daktari, wangu hana shida. Anajua kuogelea, amefundishwa shuleni." Ni jambo jema mtoto kufundishwa. Lakini ni lazima tujiulize amefundishwa wapi.

Bwawa la kuogelea lina kuta nne na sakafu inayoonekana. Maji yake yametulia, na mtoto akichoka hushika ukingo akapumzika. Mwalimu yuko hatua chache tu kutoka alipo.

Baharini hakuna ukingo wa kushika. Sakafu yake ni mchanga unaohamahama, hivi kwamba mahali palipokuwa na kina cha kiuno jana huenda leo pakamfikia mtoto kifuani. Maji yenyewe husafiri. Mtoto anayeweza kuogelea mita 25 katika bwawa anaweza kushindwa kuogelea mita 5 dhidi ya maji yanayokwenda upande mwingine.

Kulingana na ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa Desemba 2024, watu wapatao 300,000 walikufa maji kote ulimwenguni mwaka wa 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya umri wa miaka 5. Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba kanda ya Afrika ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu zaidi cha vifo hivyo ikilinganishwa na idadi ya watu wake. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai ya kila mwaka, kuanzia 2021, iwe siku ya kukumbusha watu kwamba vifo hivi vinaweza kuzuiwa.

Mto ndani ya bahari

Mkondo tunaouzungumzia ni nini hasa? Mtoto wa Nairobi anaweza kuuelewa kwa urahisi akikumbuka mvua kubwa inavyonyesha jijini.

Mvua inaponyesha, maji huenea juu ya lami yote. Hayabaki hapo. Hutafuta mahali pa chini pa kutokea, na yakipata tundu la mtaro hukimbilia hapo yote kwa pamoja. Katikati ya barabara maji hutembea polepole, lakini karibu na tundu hilo huenda kwa kasi na kubeba karatasi, majani na hata viatu. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na ndivyo ilivyo.

Baharini mambo ni hayo hayo. Mawimbi husukuma maji mengi kuelekea ufuoni, moja baada ya jingine. Maji hayo lazima yarudi. Chini ya bahari, karibu na ufuo, mara nyingi huwa kuna mafungu ya mchanga au miamba inayoyazuia. Penye pengo kati ya mafungu hayo, maji hukusanyika na kutoka kwa kasi. Huo ndio mkondo. Unaweza kumwambia mtoto kwamba ni mto mwembamba unaopita ndani ya bahari, ukitoka nchi kavu kwenda mbali.

Mara nyingi mkondo wa namna hii huenda kwa mwendo wa karibu nusu mita kwa sekunde. Lakini mawimbi yakiwa makubwa, unaweza kupita mita 2 kwa sekunde. Kwa kulinganisha, waogeleaji hodari kabisa wa Michezo ya Olimpiki humaliza mita 50 kwa sekunde 21 hivi, yaani chini kidogo ya mita 2.5 kwa sekunde, na hawawezi kudumisha mwendo huo kwa muda mrefu. Mtoto wa darasa la nne hana nguvu za kushindana na kitu kama hicho. Hata baba yake hana.

Hapa inafaa kusahihisha imani moja. Baadhi ya watoto huambiwa kwamba baharini kuna jini anayeshika watu miguu na kuwavuta chini. Mtoto aliyejazwa hofu hiyo, akihisi maji yanamvuta, hupiga mayowe na kurusha miguu. Ukweli ni kwamba mkondo haumvuti mtu chini. Humpeleka mbali na ufuo, na baada ya kupita mahali mawimbi yanapovunjika, nguvu zake hupungua hadi kuisha. Mara nyingine huzunguka na kumrudisha mtu kwenye maji ya kina kifupi. Anayekufa katika mkondo mara nyingi huuawa na uchovu wa kupigana nao.

Hali ya Pwani yetu

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya, kutoka eneo la Malindi kuelekea kusini hadi karibu na mpaka wa Tanzania, imekingwa na mwamba wa matumbawe. Ukisimama Nyali, Bamburi au Diani utaona mstari mweupe wa povu kwa mbali. Hapo ndipo mawimbi makubwa yanapogonga mwamba. Kati ya mwamba huo na ufuo, maji huwa yametulia kiasi, na ndiyo maana sehemu hizo hupendwa na familia.

Lakini mwamba huo una mapengo, ambayo hutumiwa na wavuvi kupitisha vyombo vyao. Watu wa Pwani huliita pengo kama hilo mlango. Maji yanapokupwa, yale yote yaliyoingia nyuma ya mwamba hutafuta kutoka kupitia milango hiyo. Aliye karibu na mlango wakati huo anaweza kubebwa hadi nje ya mwamba.

Hatari ya pili iko penye midomo ya mito na hori. Pale Mtwapa, Kilifi, Mida karibu na Watamu, na penye mdomo wa mto Mwachema kati ya Tiwi na Diani, maji huingia na kutoka kwa nguvu kila siku. Hapo si mahali pa watoto kuogelea, hata maji yakionekana mazuri kiasi gani.

Katika ghuba ya Malindi, karibu na unapoingilia mto Sabaki, hakuna mwamba mbele ya ufuo. Mawimbi hufika mchangani bila kizuizi, na mikondo ya namna niliyoieleza hapo awali inaweza kutokea.

Tena kuna majira. Upepo wa kusi huvuma kuanzia karibu Aprili hadi Oktoba, na huwa mkali zaidi kati ya Juni na Agosti. Wakati huo bahari huchafuka. Familia inayosafiri likizo ya Agosti isitarajie bahari ile ile iliyoiona Desemba wakati wa kaskazi. Wahenga walituachia usemi kwamba bahari haishi zinge.

Kujaa na kupwa

Mgeni kutoka bara hushangaa anapoamka na kukuta bahari "imeondoka". Mweleze mtoto kwamba maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, kwa sababu ya mvuto wa mwezi na jua. Kutoka kujaa hadi kupwa huchukua saa 6 na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Mjini Mombasa, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo siku za bamvua inaweza kukaribia mita 4, ambacho ni kimo kinachozidi watu wazima wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine. Siku za maji mafu tofauti huwa ndogo.

Siku za bamvua, maji ya Mombasa hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni. Wageni wengi hutumia asubuhi hiyo kutembea hadi kwenye mwamba kutazama samaki na viti vya pweza. Wanaokawia huko hukuta maji yamekwisha kujaa nyuma yao. Kadhalika, watoto wanaoingia majini jioni baada ya jua kupoa huwa wako humo wakati maji yanapoanza kutoka.

Kasi ya maji haiwi sawa wakati wote. Huwa ndogo karibu na mwanzo na mwisho wa kupwa, na huwa kubwa zaidi katikati, yaani saa ya tatu na ya nne. Kabla ya kuingia majini, muulize mvuvi, mlinzi wa hoteli au muuzaji yeyote ufuoni, "Maji yanajaa au yanakupwa? Mlango uko wapi?" Wenyeji hawaoni haya kuulizwa maswali hayo.

Jinsi ya kuutambua mkondo

Hapa ndipo watoto, na wazazi wao pia, hudanganyika. Mtoto akitazama mawimbi huogopa mahali yanapovunjika kwa kishindo, naye huchagua mahali palipotulia. Lakini mahali palipotulia kati ya mawimbi mawili yenye povu huenda ndipo mkondo unapopita. Mawimbi hayavunjiki hapo kwa sababu pana kina, na pia kwa sababu maji yanatoka. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mfundishe mtoto kusimama mchangani kwa dakika 5, kabla ya kuvua viatu, na kutafuta dalili hizi:

- Ukanda wa maji yenye rangi iliyokolea kuliko maji ya pande zote mbili.
- Mahali ambapo mawimbi hayavunjiki ilhali pembeni yanavunjika.
- Povu, mwani, takataka au mchanga unaosafiri kuelekea mbali badala ya kuja ufuoni.
- Uso wa maji wenye vijiwimbi vinavyorukaruka pasipo utaratibu.

Mkondo mwingine hauonekani kabisa. Kwa hivyo kutoona dalili si ruhusa ya kumwacha mtoto peke yake.

Penye waokoaji huenda ukaona bendera. Bendera yenye rangi nyekundu na manjano huonyesha mahali panapolindwa, na watu huogelea kati ya bendera mbili za namna hiyo. Bendera nyekundu tupu ina maana kwamba usiingie. Lakini si kila ufuo wa Kenya una bendera au waokoaji.

Jaribio la sinia

Mtoto husahau anachoambiwa, lakini hukumbuka alichokiona. Jaribio lifuatalo linaweza kufanywa jikoni siku chache kabla ya safari.

Chukua sinia pana na uiweke juu ya beseni, upande mmoja ukiwa umeinuka kidogo. Chukua unga uliokandwa wa chapati, utengeneze ukuta mwembamba wa kimo cha kidole kutoka ukingo hadi ukingo, katikati ya sinia. Kisha ukate pengo la upana wa vidole viwili katikati ya ukuta huo. Upande ulioinuka ndio ufuo. Upande wa chini ndio bahari kuu. Ukuta ni fungu la mchanga au mwamba.

Sasa mimina maji polepole kwa kikombe upande wa ufuo, na umwambie mtoto anyunyize majani chai makavu juu yake. Atayaona majani yakitembea pole karibu na ukuta, kisha yakikimbia yanapofika kwenye pengo. Mbele kidogo ya pengo yatapunguza mwendo na kutawanyika.

Mpe njiti ya kiberiti iwe ndiye mwogeleaji. Mwambie aisukume njiti kwa ncha ya kidole irudi ufuoni moja kwa moja kupitia pengo. Akiondoa kidole tu, hurudi nyuma. Halafu aiache ielee mpaka ipite pengo, kisha aisukume kando. Ataona kwamba upande wa pembeni haina upinzani. Baada ya jaribio hilo, maelezo yaliyobaki ni rahisi.

Elea, inua, ngoja

Mtoto akihisi maji yanampeleka mbali, akumbuke maneno matatu tu: elea, inua, ngoja.

Elea. Alale chali, masikio yakiwa ndani ya maji, kidevu juu, mikono na miguu imetanuka. Apumue polepole. Mapafu yaliyojaa hewa ni kama boya. Tena maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita, hivyo humbeba mtu vizuri kuliko maji ya bwawa. Anayepiga mayowe mfululizo hutoa hewa yote na boya lake hupungua.

Inua. Ainue mkono mmoja juu na kuupunga, kisha aite. Asiinue yote miwili kwa muda mrefu kwa sababu kichwa kitazama.

Ngoja. Asiogelee kuelekea ufuoni dhidi ya maji. Angoje msaada au angoje mkondo uishiwe nguvu. Akiwa bado na nguvu na anajua kuogelea, aogelee kando, sambamba na ufuo, kuelekea mahali mawimbi yanapovunjika, kisha arudi mchangani pamoja na mawimbi. Akichoka, aelee tena.

Mtoto anapoogopa, moyo wake hupiga mbio, pumzi huwa fupi na misuli hukaza. Hapo hawezi kufikiri jambo jipya. Hufanya tu alilozoea. Ndiyo sababu zoezi hili linafaa kufanywa mara nyingi kabla ya safari. Kama anafundishwa kuogelea hapa Nairobi, mwombe mwalimu amfunze kuelea chali kwa dakika 2 au 3, bila miwani ya kuogelea, na kujigeuza kutoka kifudifudi hadi chali. Familia isiyo na nafasi ya bwawa inaweza kufanya zoezi la mkao na pumzi mkekani, kisha kulirudia ufuoni, maji yakimfika mtoto magotini na mkono wa mzazi ukiwa chini ya mgongo wake.

Mfa maji hapigi kelele

Methali husema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa hivyo tunatarajia kuona maji yakirushwa na kusikia mayowe. Kwa kweli, mtoto anayezama mara nyingi hasikiki. Mdomo wake huwa juu ya maji kwa nukta chache tu, na muda huo hutumika kuvuta pumzi, si kuita. Mikono yake husukuma maji chini badala ya kupunga. Kichwa huinama nyuma, macho hutazama bila kuona. Mtoto mdogo anaweza kutoweka chini ya maji katika muda usiofika dakika moja. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6 hivi.

Kwa sababu hiyo, kumlinda mtoto ni kumtazama, si kumsikiliza. Zingatia mambo yafuatayo:

- Mtoto wa chini ya miaka 6 awe karibu kiasi cha kufikiwa na mkono wako wakati wote, hata maji yakimfika kifundo cha mguu.
- Teueni mtu mzima mmoja wa zamu kwa dakika 20. Avae kofia inayojulikana ili kila mtu ajue ni nani. Familia kubwa ikikaa chini ya mnazi, kila mtu hudhani mwenzake anatazama watoto.
- Mwenye zamu asitazame simu, hata kwa kupiga picha, na asiwe amekunywa pombe.
- Usimwachie jukumu hilo yaya au mtoto mkubwa asiyejua kuogelea.
- Tyubu za magari na vyombo vya kupulizwa ni vya kuchezea. Huchukuliwa na maji kwa wepesi, na mtoto huponyoka katikati.
- Mvishe nguo ya rangi kali kama ya machungwa. Buluu na nyeupe hupotea majini.
- Walimu wanaoleta wanafunzi ziarani wawagawe wawili wawili na kuwahesabu kila baada ya dakika chache. Kundi lote liingie na litoke pamoja.

Ukiona mwenzako anachukuliwa

Mtoto afundishwe jambo hili pia: asiingie kumfuata mwenzake. Akimbie kumwita mtu mzima huku akionyesha kwa kidole mahali alipo.

Mtu mzima naye asiruke tu. Katika visa vingi vya namna hii ulimwenguni, anayezama ni mwokoaji, mara nyingi baba au kaka. Tafuta kwanza kitu kinachoelea. Jerikani tupu la lita 10 lililofungwa kifuniko linaweza kumbeba mtoto. Hali kadhalika tyubu, boya au sanduku la kuhifadhia vinywaji baridi. Lirushe, au ufunge kamba ulivute. Mwite mvuvi mwenye mtumbwi, mwokoaji au wahudumu wa hoteli. Mtu mmoja asiondoe macho kwa anayezama. Mwingine apige 999 au 112.

Huduma ya kwanza

Mtoto akitolewa majini, usimning'inize kichwa chini, wala usimkandamize tumbo ili kutoa maji. Huko ni kupoteza wakati, na kunaweza kumfanya atapike na matapishi yaingie mapafuni. Shida yake kubwa ni kukosa hewa.

Ikiwa anapumua lakini hana fahamu, mlaze ubavu. Ikiwa hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua yake, na umpulizie pumzi 5 mdomoni, ukitazama kifua kikiinuka. Kwa mtoto mchanga, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake kwa pamoja. Asipoonyesha dalili ya uhai, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikishuka kwa theluthi moja ya unene wake. Kisha pumzi 2, na uendelee hivyo bila kukoma mpaka apumue au msaada ufike.

Kila mtoto aliyepoteza fahamu, aliyehitaji kupuliziwa, au anayekohoa na kuhema baada ya kuokolewa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata akiomba kurudi kucheza. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kuleta shida ya kupumua saa chache baadaye. Usingoje kurudi Nairobi.

Mtoto aliyefundishwa

Wako wazazi wanaohofu kwamba kumweleza mtoto hatari ni kumtia woga. Mnamo tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipoikumba Bahari Hindi, na kufika hata pwani ya Kenya, msichana Mwingereza wa miaka 10 aitwaye Tilly Smith alikuwa ufuoni Thailand na wazazi wake. Majuma mawili tu yaliyotangulia alikuwa amefundishwa darasani dalili za mawimbi hayo. Alipoona maji yakitokota povu na kufanya mambo yasiyo ya kawaida, aliwaambia wakubwa, na watu wapatao mia moja wakaondolewa ufuoni kwa wakati. Tsunami na mkondo ni vitu viwili tofauti, lakini mtoto anayejua cha kutazama hukitazama.

Katika basi au gari la moshi, mpime wako kwa maswali haya:

1. Kati ya mahali penye povu na mahali palipotulia katikati yake, wapi panaweza kuwa na mkondo? (Palipotulia.)
2. Mkondo humvuta mtu chini au mbali? (Mbali.)
3. Ukichukuliwa, utarudi moja kwa moja ufuoni? (La. Elea, inua, ngoja.)
4. Ndugu yako akichukuliwa utamfuata? (La. Nitamwita mtu mzima na kuonyesha alipo.)
5. Ni lini unaweza kuingia majini bila mtu mzima kukutazama? (Hakuna siku kama hiyo.)

Akijibu yote bila kusita, amekuwa tayari kuiona bahari. Sehemu iliyobaki ni yako wewe mzazi: kaa karibu naye, macho yakiwa majini.